Volkano na Ufukwe Bila Kukanyaga Arusha wala Zanzibar

Mtu wa Tabora akishikwa na hamu ya kutembea, utamsikia akipiga hesabu za ajabu: volkano iko Arusha, ufukwe uko Zanzibar, likizo ni ya siku tano na mfukoni kuna nauli ya kufika Nzega. Mwisho wa hesabu anakaa barazani, anamenya embe, anasema mwakani Mungu akipenda. Mwongozo huu umeandikwa ili kumwondoa barazani. Volkano unayo, ndugu yangu, na ufukwe unao. Vyote viwili viko magharibi, kwenye njia ileile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani.

Kabla ya kukagua gari, kagua kichwa. Kama kwako volkano ni Kilimanjaro tu, yenye mita 5,895 na theluji juu, hakuna gari litakalokufikisha Igwisi. Vilima vya Igwisi viko kaskazini-magharibi ya mji wa Urambo, kama kilometa 100 kutoka Tabora mjini ukipima mstari ulionyooka. Ni vitatu, ni vifupi, viko katikati ya pori la miombo, na ukiviona kwa mbali utadhani ni vichuguu vilivyoshiba. Watani zangu Wazaramo watacheka: hii nayo mnaita volkano? Waache wacheke, kisha waeleze yafuatayo taratibu.

Mwamba wa Igwisi ni kimbalaiti, jamaa ya ule uliobeba almasi za Mwadui, Shinyanga, kule mwanajiolojia Williamson alikozigundua mwaka 1940. Volkano za aina hii hupandisha mawe kutoka zaidi ya kilometa 100 chini ya miguu yetu. Karibu zote duniani zililipuka mamilioni ya miaka iliyopita. Ya Mwadui ina umri wa miaka kama milioni 50, na nyingine nyingi zimeliwa na mmomonyoko hadi kubaki shina tu ardhini. Igwisi ililipuka takribani miaka 12,000 iliyopita, watu wakiwa wameshaenea Afrika nzima. Hakuna kimbalaiti changa kuliko hiyo inayojulikana duniani. Nasema duniani, si Tanzania. Kreta zake bado zinaonekana, na mtiririko wa lava yake umelala pale pale ulipogandia. Wanajiolojia wanatoka Ulaya kuja kuutazama, na sisi tunapita Urambo kila wiki kufuata tumbaku.

Sasa gari. Usiazime Probox ya shemeji iliyoshuka springi ukaiingiza porini, maana utamrudishia shemeji usukani tu. Tafuta gari iliyoinuka, spea tairi mbili, jeki inayofanya kazi, na mafuta ya kutosha uliyojaza Tabora na kuongezea Urambo. Nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Masika njia za porini hugeuka uji, na utajifunza majina ya wanakijiji wote waliokuja kukusukuma. Lami ya kwenda Urambo ni nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo: dereva wa likizo hujisahau, anaingia kijijini na 90, trafiki yuko chini ya mwembe na tochi yake, pesa ya faini imekwenda. Hiyo pesa ingenunua migebuka, samaki wa ziwa tunakokwenda.

Usianzie safari Urambo, anzia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi hadi Agosti. Hapa zima muziki. Njia hii ya misafara ilipitisha watumwa, watu waliotolewa bara wakiwa kwenye minyororo hadi Bagamoyo, na ndiyo maana Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia. Kuna vijana wanaofika pale wakapiga picha za kucheka, wakaondoka bila kumuuliza mlinzi swali hata moja. Usiwe mmoja wao. Uliza walilala wapi wapagazi na walikula nini, maana kazi ya safari zile waliifanya Wanyamwezi, na vitabu vimejaa majina ya waliobebewa mizigo.

Urambo ni nchi ya mtemi Mirambo, aliyefunga njia hii mwaka 1871 kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alitoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, Septemba mwaka huo, akalazimika kuzunguka mbali kusini, akafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika Novemba. Ukikwama nusu saa nyuma ya lori la tumbaku, mkumbuke na unyamaze. Urambo pia ndiko Waingereza walikoleta matrekta yao kulima karanga, kwa mpango ulioanza mwaka 1947 na uliochorwa London na watu wasioijua ardhi hiyo, nao wakauacha mwaka 1951. Kwa hiyo usiwafuate kwa kuingia Igwisi na ramani ya simu peke yake. Nenda ofisi ya kijiji, jitambulishe, uliza kama panahitajika kibali cha watu wa misitu, omba mwenyeji wa kukuongoza na umlipe vizuri. Msafara wa zamani haukuondoka bila kirangozi wa kuuongoza, na wewe si hodari kuliko msafara.

Vaa mikono mirefu. Mbung'o wa miombo haumi kama mbu, hukata, na hupenda sana magari yanayotembea na nguo nyeusi na za buluu.

Ukifika, usikimbilie kilele. Hakuna kilele cha kukupa sifa. Chuchumaa kwenye lava, angalia jiwe kwa karibu: ni la kijivu, na ndani yake zimejaa punje za mviringo, laini kama zilizosagwa na mto. Nyingi ni olivini, madini ya kijani kibichi yaliyotoka ndani kabisa ya dunia, yakasuguana njiani yakipanda hadi pembe zikaisha. Kitu ambacho hakuna mashine ya binadamu iliyowahi kukichimba kutoka kina hicho kiko mbele ya viatu vyako. Kaa nacho. Halafu kirudishe chini. Acha sururu nyumbani vilevile: kimbalaiti nyingi hazina almasi ya maana, na hata kama zingekuwa nayo, kilima kilichochimbuliwa hakirudi. Lala Urambo au Kaliua, usijaribu kuunganisha volkano na ufukwe siku moja. Anayetaka vyote kwa siku moja hupata vumbi la vyote viwili.

Siku ya pili shika njia ya Kaliua na Nguruka hadi mto Malagarasi. Wenye misafara walivushwa hapa kwa mitumbwi, wakilipa hongo ya vitambaa baada ya kubishana siku nzima. Stanley alilipa, na bado mamba wakamchukua punda wake aliyeitwa Simba. Wewe unapita juu ya Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015, bila kulipa doti moja ya kitambaa cha merikani. Simama ng'ambo, penye usalama, utazame. Bonde hili la Malagarasi na Moyowosi ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 2000.

Uvinza nunua chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za Uvinza kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500, na misafara iliichukua kwenda nayo pande zote. Utaihitaji, kwa sababu ufukwe unaokwenda hauna chumvi hata tone.

Naam, ufukwe wa Kigoma. Kuna watu watakwambia ziwa si bahari. Waulize bahari gani wanayoweza kuinywa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani linapitwa kina na Baikal tu. Mchanga upo, mawimbi yapo, na jua linazama juu ya milima ya Kongo. Oga asubuhi upepo ukiwa umetulia, na uwaulize wenyeji kwanza kuhusu mamba na kichocho, kisha uwasikilize. Nimeona wageni wanaouliza na kuingia majini kabla ya jibu.

Kwenye mnara wa Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone, msafiri hushangaa: maji yako wapi? Walikutana karibu na ziwa. Miaka ya 1870 mto Lukuga ulifunguka upande wa Kongo, ziwa likashuka, pwani ikarudi nyuma. Miembe ilibaki ikitazama mashamba.

Usiondoke Kigoma bila kufika mwalo wa Kibirizi alfajiri, dagaa wakishushwa na kuanikwa, na wanawake wakibishania bei kwa Kiha, Kiswahili na lugha za ng'ambo. Lakini panga tarehe kwa mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hazina kazi, kwa hiyo wengi hawaendi. Nenda siku za giza, ziwa zima litawaka taa usiku. Angalia pia kalenda ya serikali: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Ukikuta pamefungwa usinung'unike, kula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na ushukuru kuwa kuna mtu anayefikiria migebuka ya wajukuu zako.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wa jiografia wa Tabora, Urambo na Kaliua. Wanafunzi wenu wanachora Kilimanjaro kutoka kitabuni huku volkano changa kuliko zote za aina yake duniani iko mkoani mwao. Kodini basi moja kiangazi kijacho, muwapeleke Igwisi wakalishike jiwe kwa mkono, na mhakikishe wameliacha pale pale.