Barua ya Wazi kwa Idara za Mipango za Bungoma na Trans Nzoia

KUH: PONGEZI KWA KUUTENGA UMASKINI NA MAZINGIRA



Mwandishi wa barua hii, mlipa ushuru wa soko katika barabara ya Bungoma na Kitale, anaomba kwa unyenyekevu kuzipongeza Idara mbili za Mipango, ya Bungoma na ya Trans Nzoia, kwa kazi ambayo mabingwa wa dunia nzima waliidhania haiwezekani. Mabingwa hao huandika mwaka nenda mwaka rudi kwamba umaskini na uharibifu wa mazingira ni mapacha walioungana. Idara zimewafanyia upasuaji. Kila pacha sasa ana sura yake kwenye kitabu, kitengo chake, gari lake na semina yake hotelini, na hawajaonana tangu watoke wodini.

Kazi hiyo haikuanza jana. Mwaka 1983 Serikali ilitangaza kwamba wilaya ndiyo kitovu cha maendeleo, na kamati za wilaya zikaketi. Mwaka 2001 serikali za mitaa zikapewa mpango wao wa huduma, LASDAP, ili mwananchi aseme anataka zahanati au daraja. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, CDF, na kamati zake. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Tangu hapo imekwisha kuandikwa mipango mitatu ya miaka mitano mitano: wa 2013 hadi 2017, wa 2018 hadi 2022, na huu wa sasa unaoishia 2027. Mipango imezaana kuliko miti.

Ili ukubwa wa ushindi huu uonekane, Idara inaombwa ishuke hadi kijito chochote kinachotoka Mlima Elgon kwenda Mto Nzoia. Kuywa unafaa, na Kamukuywa pia. Ukingoni itakuta mikaratusi, au bulugamu kama wengi wanavyoiita, imepangwa mstari hadi majini. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Anayetembea kando ya vijito hivyo leo ataikuta imenyooka vilevile.

Haikubaki kwa ukaidi. Mkaratusi wa miaka mitatu au minne unatoa fito na nguzo za kujengea. Ukivumiliwa miaka minane hadi kumi, unatoa nguzo ya umeme. Haupaliliwi, haudai mbolea, haushambuliwi na viwavijeshi kama mahindi yalivyoshambuliwa mwaka 2017, na mnunuzi huja na lori hadi mlangoni. Mama mwenye watoto wawili sekondari anaujua mti huo kwa jina la karo. Anajua pia kwamba chemchemi iliyo chini ya mstari ule imepungua, maana ni yeye anayesubiri mtungi ujae. Hahitaji semina. Amepiga hesabu, akaona mkuu wa shule hapokei maji.

Tena sheria inamtaka aache kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni. Tuseme ana nusu eka, upana wa mita 40 kandokando ya kijito na kina cha mita 50 kwenda juu. Mita 6 zinamla zaidi ya sehemu moja ya kumi ya shamba. Mita 30 zinamla zaidi ya nusu. Kwa kitengo cha mazingira, mama huyu ni mvamizi wa ukingo wa mto. Kwa kitengo cha kupambana na umaskini, ni mjasiriamali wa misitu anayestahili cheti. Barua zote mbili zinaweza kumfikia wiki moja, zimepigwa muhuri uleule.

Watu wa mji wa Webuye walipitia somo hili la riziki na mazingira mapema, na kwa mabati. Kiwanda cha Pan Paper, kilichomilikiwa na Serikali ya Kenya pamoja na Orient Paper Mills ya India na IFC, tawi la Benki ya Dunia, kilitoa karatasi tangu miaka ya 1970. Kilitoa pia harufu ya mayai viza. Abiria wa basi la usiku la kwenda Malaba alijua amefika Webuye kabla hajafumbua macho. Mabati ya nyumba yalishika kutu na kutoboka kabla ya wakati wake, watu wakaezeka, wakaezeka tena. Maji machafu yakateremka Nzoia. Lakini mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara, na mshahara ulinunua mabati mengine. Mzunguko ulikuwa umekamilika: kiwanda kilitoboa paa, kiwanda kikalipia paa.

Januari 2009 mitambo ikazimwa. Hewa ikasafika ajabu. Laiti mpango ungekuwa unapima hewa peke yake, Webuye ingeshinda tuzo mwaka ule, ikakabidhiwa kombe mbele ya maduka yaliyofungwa na vyumba vya kupangisha visivyo na wapangaji. Miaka saba baadaye kiwanda kikauzwa kwa kundi la Rai, kikapewa jina jipya. Swali la ajira limekuwa likiulizwa katika ofisi moja, swali la mapafu katika ofisi nyingine, na mtu mwenye paa lililotoboka akiwa nje ya zote mbili, kwenye benchi.

Jirani yake mkulima wa miwa ana benchi lake. Wakulima wa Nzoia Sugar walidai malipo ya miwa kwa miaka mingi, hadi kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya sukari ya West Kenya mwaka 2025 kwa miaka 30. Mtu anayedai kampuni hawezi kula deni. Akikata mti wa mwisho wa kivuli akachoma makaa, kuna fomu ya kumshtaki. Fomu ya kuuliza kwa nini hakulipwa iko kaunta nyingine.

Idara ya Trans Nzoia isidhani imesahauliwa. Huko juu, kwenye misitu ya Saboti na Suam, kuna utaratibu mkongwe uliowahi kuwaunganisha mapacha kwa nguvu: mfumo wa shamba. Mkulima anaruhusiwa kupanda mahindi na maharagwe katikati ya miche ya msitu, anaipalilia miche akipalilia chakula chake, na baada ya miaka mitatu hivi miti ikitanda kivuli anaondoka. Kwa karatasi ni mpango mtamu. Tatizo ni dogo tu: mche ukistawi, mkulima anafukuzwa, mche ukifa kwa bahati mbaya, anabaki. Bahati mbaya zikawa nyingi. Mfumo ukapigwa marufuku, ukarudi kwa jina la PELIS chini ya Sheria ya Misitu ya 2005, na Septemba 2022 Naibu Rais wa wakati ule, Rigathi Gachagua, alipotaka urudi kwa kishindo, nchi nzima ikazozana wiki kadhaa. Walizozana juu ya miti. Suala la mkulima ataelekea wapi mwaka wa nne halikupata nafasi kwenye taarifa ya habari.

Kitale pia ndiko kuliko na mfano ambao Idara ingependa kuusahau, kwa kuwa ulikaribia kufaulu. Vi Agroforestry, shirika la Wasweden lililoanza kupanda miti Pokot Magharibi mwaka 1983, lilijikita Kitale, na baadaye likaingia na Benki ya Dunia katika mradi wa kaboni ya mashambani uliofika hadi Bungoma. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2010. Wakulima walifundishwa kutengeneza mboji, kuacha mabua ya mahindi yaoze shambani badala ya kuyachoma, kuchanganya miti na mazao. Januari 2014 mradi huo ukawa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni ya udongo kwa kiwango hicho cha uthibitisho. Wageni walikuja, picha zikapigwa.

Lakini taasisi ya IATP ya Marekani, ambayo ilikuwa imekwisha kupiga hesabu mwaka 2011, ilikuwa na habari mbaya: gharama za wapimaji na washauri zikishatolewa, mgawo wa mkulima kutokana na kaboni ungekuwa zaidi kidogo ya dola moja kwa mwaka. Nauli ya kwenda kuichukua inazidi hapo.

Hata hivyo wakulima wengi hawakuondoka, na hapo ndipo mwandishi wa barua hii anapoacha utani kwa sentensi chache. Walibaki kwa sababu ya mboji. Ardhi ya Trans Nzoia imenyunyiziwa mbolea ya DAP mwaka hadi mwaka tangu mahindi chotara yatoke kituo cha utafiti cha Kitale katika miaka ya 1960, ikageuka chachu, na mboji na chokaa ndivyo vinavyoirudisha. Mahindi yaliongezeka, na kikundi cha akiba kikapata cha kuweka. Kilichofanya kazi hakikuwa soko la kaboni la Washington. Alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, mwenye pikipiki na buti, aliyerudi kwenye shamba lilelile msimu baada ya msimu. Kilimo ni jukumu la kaunti tangu 2013, na pia uhifadhi wa udongo na maji, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Yaani afisa huyo ni wa Idara. Ndiye uzi pekee uliopo kati ya sufuria na mto, na kila bajeti ikibana ndiye hukosa mafuta ya pikipiki kwanza.

Sasa lije jedwali. Mwongozo wa Serikali kuu wa kuandika mipango ya kaunti una jedwali moja la uhusiano wa sekta, na hapo tu ndipo mapacha wanaruhusiwa kutembeleana. Lina safu ya jina la programu, safu ya sekta inayoguswa, ya manufaa ya pamoja, ya athari mbaya, na ya hatua za kuchukuliwa. Andika barabara upande wa kushoto, athari mbaya itakuwa mmomonyoko wa udongo, na hatua itakuwa kupanda miti. Andika soko: taka, kupanda miti. Ukiandika machinjio, miti inapandwa vilevile. Majedwali mengine ya mpango yana safu ya gharama, mwaka kwa mwaka. Hili halina. Mahali pekee ambapo umaskini na mazingira hukutana kisheria, wamekutanishwa bila senti.

Ndiyo maana upandaji miti umekuwa sikukuu. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila Mkenya apande, kuelekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Miche ilipandwa kwa wingi na viongozi wakashika majembe mapya yenye lebo. Mvua za vuli huisha Desemba katika sehemu kubwa ya nchi, na kumwagilia hakukuwa na sikukuu yake.

Haki ya Idara nayo itajwe. Chini ya mpango wa FLLoCA, wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani, ulioanza 2021, kaunti zilitakiwa kutunga sheria ya mfuko wa tabianchi na kuunda kamati ya kila wadi: wadi 45 Bungoma, 25 Trans Nzoia. Kwa mara ya kwanza kuna pesa ya tabianchi inayoteremka hadi mahali ambapo kijito kinajulikana kwa jina. Mahali hapo ndipo watu hukaa chini ya hema kwenye mkutano wa ushirikishaji wa umma, wakanywa soda, wakaomba kituo cha polisi, daraja na transfoma, kisha mzee mmoja nyuma akauliza habari ya mto, na mwenyekiti akamwambia hoja yake imepokelewa. Ilipokelewa kweli. Iko kwenye safu ya athari mbaya.

Ombi la barua hii basi ni la kiofisi kabisa. Mpango wa mwaka wa maendeleo huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kabla ya tarehe hiyo Idara iongeze safu moja ya gharama kwenye jedwali lile, na ijaze mstari mmoja tu kwa majaribio: mikaratusi ya ukingo wa Kuywa. Mimea ya kuchukua nafasi yake ipo. Mianzi hushika ukingo, na parachichi la Hass juu kidogo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Karo inadaiwa Januari. Gharama ya kuunganisha mazingira na umaskini katika wadi ile ni hiyo miaka mitatu katikati.

Kama Idara ya Bungoma haina kipimo cha kuikadiria, ichukue kilichomo kwenye kumbukumbu zake. Mwaka 2015 kaunti ilinunua wilibaro kumi kwa Sh 109,320 kila moja, na umma ukaelezwa kwamba zimetengenezwa kwa chuma kisichosababisha saratani. Jumla ni Sh 1,093,200. Mwenye shamba akishikiliwa kwa Sh 1,000 kwa mwezi hadi parachichi lizae, ni Sh 36,000 kwa miaka mitatu. Wilibaro kumi zinawatosha wenye mashamba 30, na hiyo ni kilomita moja na zaidi ya ukingo ikiwa kila mmoja ana zile mita 40. Zinabaki Sh 13,200, ambazo dukani Kanduyi zinanunua wilibaro moja ya kawaida ya kubebea miche, na soda za mkutano.

Wenu mtiifu,
Mlipa ushuru wa soko

Nakala: Mkuu wa shule, ili awe na subira hadi Septemba.