Korongo na Hesabu ya Kisima

Kulikuwa na nchi ya wanyama yenye mto mmoja mkubwa, na penye mto ule palikuwa na mamba. Mamba hawakuuchimba mto wala hawakuinyesha mvua yake. Walichomiliki ni lango. Kila kaya iliyotaka maji ilipeleka kikapu cha nafaka langoni kila mwezi, iteke isiteke. Na siku ya kwenda kuteka, mlinzi alidai pishi nyingine, akieleza kwamba kikapu kilikuwa cha kuandikwa jina tu, pishi ndiyo ya maji yenyewe. Aliyekosa kikapu alikunywa dimbwini. Akiugua, alibebwa hadi langoni usiku, akanyweshwa, kisha akaandikiwa deni ambalo kaya yake ilililipa hata baada ya yeye kuzikwa.

Wengi wa wanyama hao walikuwa vibarua katika mashamba ya Nyati. Nyati aliwapelekea mamba sehemu kubwa ya vikapu vya vibarua wake, nao wakamshukuru. Hawakuona kwamba ujira wao uliganda pale pale mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa nafaka ambayo ingeuongeza ilikuwa imeshakwenda langoni. Aliyeacha shamba aliacha na maji. Walikuwepo waliomvumilia Nyati mkali miaka mingi kwa ajili ya mtoto mmoja mgonjwa nyumbani.

Mwaka wa kumchagua mkuu wa nchi ulipokaribia, kundi lenye alama ya punda likakutana chini ya mkuyu kumtafuta mgombea wake. Wa kwanza kupaza sauti alikuwa Mzee Kobe, aliyekuwa akisema jambo lile lile tangu ujana wake.

"Tuchimbe kisima cha nchi nzima," alisema. "Kila mmoja anywe, na lango lifungwe."

"Nafaka itatoka wapi, Mzee?"

"Kodi itapanda. Kikapu cha mamba kitakoma, na pishi ya langoni itakoma. Mwisho wa mwaka wengi wenu mtabaki na nafaka nyingi kuliko sasa."

Baadhi walishangilia. Wengine walisikia habari ya kodi tu, wakaanza kuondoka kabla hajamaliza.

Ndipo akasimama Mwalimu Korongo. Yeye alikuwa amefundisha sheria za madeni kwa miaka mingi, na alizijua kaya zilizofilisika kwa sababu ya ugonjwa. Kila tatizo la nchi alikuwa ameliandikia mpango: karo, malezi ya watoto wadogo, nyumba, na sasa kisima. Sehemu ya nafaka alitaka kuichukua kwa Vifaru, ambao maghala yao yalikuwa yamefurika. Kifaru aliyevuka kiwango fulani angetoa vikapu 2 katika kila 100 vilivyozidi kiwango hicho, kila mwaka, na wale wakubwa kabisa wangetoa zaidi.

Chiriku, kijana mwenye ulimi mwepesi, akamkabili mbele ya umati.

"Mwalimu, nauliza jambo dogo. Kodi ya mnyama wa kawaida kama Sungura itapanda au haitapanda?"

"Gharama za Sungura zitashuka."

"Sikuuliza gharama, Mwalimu. Nimeuliza kodi."

"Na mimi nakwambia kile Sungura anachotaka kukijua: mwisho wa mwezi, ghala lake litakuwa na nafaka zaidi au pungufu."

"Basi sema ndiyo au hapana."

Korongo hakusema ndiyo, wala hapana. Umati ukaanza kunong'ona.

Naomba niuondoe mkuyu mbele ya macho ya msomaji kwa muda. Nchi hii ni Marekani, na Korongo ni Seneta Elizabeth Warren wa Massachusetts. Mabishano hayo yalifanyika tarehe 15 Oktoba 2019 huko Westerville, Ohio, katika mdahalo wa wagombea wa chama cha Democratic. Mzee Kobe ni Bernie Sanders, ambaye siku hiyo alikiri waziwazi kwamba kodi itapanda. Chiriku ni Pete Buttigieg. Lango ni kampuni za bima ya afya, na kisima ni bima moja ya serikali kwa wote. Mwaka ule, bima ya familia moja iliyopatikana kupitia mwajiri ilifikia wastani wa zaidi ya dola 20,000. Mfanyakazi alilipa takriban dola 6,000 kati ya hizo na mwajiri akalipa zilizobaki. Hata hivyo watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima kabisa, katika nchi iliyotumia kwenye afya karibu asilimia 18 ya pato lake lote, kuliko nchi nyingine yoyote tajiri. Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili huko Columbus na Dallas wanaujua mzigo huo. Bahasha ya bili hufika nyumbani wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, ikiwa na mistari ya malipo ambayo hata karani wa hospitali hushindwa kuifafanua.

Kwa maoni yangu Korongo alikosea pale mkuyuni. Hoja yake ilikuwa ya kweli: nafaka inayokatwa kwenye ujira ikaenda kwa mamba ni nafaka ile ile, na Sungura haimnufaishi kuambiwa kwamba hiyo haihesabiki. Lakini mpiga kura aliyeombwa imani yake alistahili jibu la moja kwa moja, kama lile la Kobe. Mtu akikwepa swali la fedha hata mara moja, kila tarakimu atakayoitoa baadaye itatiliwa shaka.

Na tarakimu zilikuja. Korongo alirudi nyumbani kwake, akakaa na wahesabu wake, na asubuhi moja wanyama waliamka wakakuta gome refu limebandikwa kwenye shina la mkuyu, limeandikwa kutoka juu hadi chini. Nyani alisoma kwa sauti kwa niaba ya wasiojua kusoma. Kwa miaka 10 ijayo, wanyama wote pamoja watatumia karibu maghala 52 ya nafaka kwa ajili ya maji, iwe kwa lango au kwa kisima. Kwa kisima, hazina ya nchi itabeba maghala 20 na nusu zaidi ya inavyobeba leo. Nyati ataendelea kutoa karibu kile anachowapa mamba sasa, lakini atakitoa hazina. Vifaru wakubwa kabisa watatoa vikapu 6 katika kila 100 badala ya 3. Wanaoficha mavuno watafuatiliwa. Hakuna kikapu kipya kitakachodaiwa kwa Sungura. Na maghala 11, ambayo kaya zenyewe zingewalipa mamba kwa vikapu na pishi, yatabaki majumbani.

Badala ya maghala weka trilioni za dola, utakuwa na mpango alioutangaza Warren tarehe 1 Novemba 2019, kwa tarakimu zake mwenyewe.

Siku nzima wanyama walilizunguka gome lile. Alasiri akatua Bundi, aliyewahi kuwa mhazini wa nchi zamani, akasoma mstari kwa mstari bila haraka. Huyu naye tumsikilize kwa heshima, maana hakuwa mpiga domo.

"Mwalimu," alisema, "Kifaru si mti. Ukisema unakuja kuhesabu ghala lake, usiku atahamisha nusu kwa watoto wake, robo ataiita mbegu, na iliyobaki atasema ni ya panya na haina bei. Nchi za ng'ambo zilijaribu. Zilikuwa 12, leo zimebaki 4."

"Zile zilikuwa na mipaka wazi," Korongo akajibu. "Kifaru alivuka mto akawa raia wa ng'ambo. Kwetu atakayehama ataacha sehemu kubwa ya ghala mpakani. Tena wao waliwatoza hata wenye ghala la kawaida, mimi nimeanzia kwa walio juu kabisa."

"Na wachota maji? Umeandika kwamba kisima kitawalipa pungufu ya wanavyolipwa na mamba. Wakiacha kuchota?"

Korongo alisema lango limekuwa likilipa kupita kiasi, na kwamba kupunguza gharama za makaratasi peke yake kungeokoa nafaka nyingi. Bundi alitikisa kichwa. Hawakukubaliana, lakini kwa saa nzima walizungumza juu ya kitu kilichoandikwa, na kila mmoja alionyesha kwa kidole mstari anaoupinga.

Hoja za Bundi zilikuwa na uzito, na mtu anayeutakia mema mpango wa Warren hana budi kuzikabili. Lawrence Summers, aliyekuwa waziri wa fedha chini ya Clinton, alisema kodi ya utajiri ingeleta fedha chache mno kuliko makadirio ya wachumi Emmanuel Saez na Gabriel Zucman waliomshauri Warren. Kati ya nchi 12 za OECD zilizotoza kodi ya aina hiyo mwaka 1990, zilibaki 4 mwaka 2017. Hospitali nazo, hasa za vijijini, zinategemea malipo ya bima binafsi ambayo huzidi sana yale ya serikali. Naamini mguu huo wa mpango ulikuwa dhaifu. Mguu wa pili, ule unaosema kwamba nchi haingetumia zaidi ya inavyotumia sasa bali ingebadilisha njia ya kulipa, ulikuwa imara kuliko wapinzani walivyotaka kukiri. Mataifa mengi yenye kisima cha wote hutumia pungufu, na watu wake hawafi mapema zaidi.

Mtihani mgumu haukuwa nafaka. Ulikuwa ni nani angewashawishi wenye kikapu kizuri wakiachie kabla hawajaonja maji ya kisima. Swala mmoja aliyefanya kazi kwa Nyati mwema alisema, "Mimi langoni napita vizuri. Kisima sijakiona." Hofu yake ilikuwa halali kabisa, na gome halikuwa na mstari wa kuijibu.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikusemwa pale mkuyuni, nami siwezi kuliacha. Miaka miwili kabla, kundi lenye alama ya tembo lilikuwa limewapunguzia Vifaru na Nyati mzigo wao wa nafaka. Sheria ya kodi iliyofanya hivyo ilitiwa saini tarehe 22 Desemba 2017, na wakadiriaji wa bunge lenyewe walisema itaongeza nakisi kwa karibu dola trilioni 1.5 katika miaka 10. Waliouliza nafaka itatoka wapi waliambiwa mashamba yatastawi yenyewe yakalipa, na sheria ikapita bila gome lolote la kuonyesha chanzo. Huwezi kudai hesabu ya mpaka punje ya mwisho kwa anayetaka kuwanywesha maskini, halafu anayewarudishia matajiri ukamkubalia kwa ahadi ya mvua.

Na tazama kilichompata aliyebandika. Chiriku alisema gome limezidi mno. Wafuasi wa Kobe walisema limepungua. Walinzi wa lango walipiga ngoma wakitangaza maghala 20 na nusu kila njia panda, na yale 11 ya kubaki majumbani hawakuyataja hata mara moja. Wiki mbili baadaye Korongo aliongeza mstari: tuanze na kisima kidogo cha hiari, kile kikubwa tukijenge kabla mwaka wa tatu haujaisha. Kwa mtazamo wangu ulikuwa mstari wa busara kuliko yote, kwa sababu ulimjibu Swala. Lakini ulikuja umechelewa. Waliokuwa wakisema hawezi walisema amekiri, na waliokuwa wakimwamini walisema amerudi nyuma.

Uchaguzi ulikwenda kwa Mzee Kongoni, aliyeahidi kulipaka lango rangi mpya na kulipanua kidogo. Maji yake hayakuwa ya wote, na hesabu yake haikuchunguzwa kwa ukali hata robo ya ile ya Korongo. Tarehe 3 Machi 2020, katika jimbo lake mwenyewe la Massachusetts, Warren alishika nafasi ya tatu nyuma ya Joe Biden, ambaye ndiye Kongoni, na Sanders. Tarehe 5 alijitoa.

Kisha likaja gonjwa ambalo halikubagua aliye na kikapu na asiye nacho. Mashamba ya Nyati yalifungwa, vibarua wakafukuzwa kwa mamilioni, na wengi wao wakapoteza maji siku ile ile waliyopoteza kazi. Mlinzi wa lango hakuwa na jibu. Wazee wa makundi yote mawili, la punda na la tembo, wakakimbilia hazina.

Nakubali kwamba chakula cha dharura na kisima cha kudumu havilingani: kimoja hutolewa mara moja, kingine kila mwaka. Hata hivyo tarehe zinabaki kama zilivyo. Siku 20 baada ya Warren kujitoa, Seneti ya Marekani ilipitisha sheria ya dola trilioni 2.2, fedha za kukopa, kwa kura 96 dhidi ya 0, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosema ndiyo.