Pongezi kwa Asilimia Moja na Nusu

Huko Lulimba, Fizi, nchini Kongo, mtu hujenga anavyojaliwa: anafyatua matofali, anayachoma, kisha anangoja auze muhogo ndipo anunue mabati. Ushamba mtupu. Hana deni benki, na asiye na deni ataokolewa na nini?

Kenya wameendelea. Kuanzia Julai 2023 mfanyakazi alikatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho, ili watu wapate nyumba za bei nafuu. Mkatwaji mwenyewe, bado yuko chumba cha kupanga, anajifunza ukarimu.

Wenye roho ngumu walikwenda mahakamani. Novemba 28, 2023, Mahakama Kuu ikasema tozo hiyo ina ubaguzi: mbona inawabana waajiriwa peke yao? Serikali sikivu ikasikia. Machi 19, 2024, Rais William Ruto alitia saini sheria mpya, ubaguzi ukaisha: sasa hata asiyeajiriwa anatakiwa alipe.

Marekani ndiko kwenye utovu wa adabu. Barack Obama alipotangaza dola bilioni 75 mwaka 2009 kuwanusuru waliolemewa na mikopo ya nyumba, waliokuwa wakilipa ya kwao kwa wakati walipiga kelele. Hawakulelewa vizuri.