Mwewe Hana Neno, Neno Mnalo Ninyi

Kumpiga picha mwewe si kazi. Kazi ni majirani.

Mwewe wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, yule mwenye mdomo wa njano na mkia wenye panda, amejenga juu ya mvinje nyuma ya msikiti. Masharti yake ni mepesi kuliko ya benki yoyote: kaa mbali, tulia. Ukiyakiuka anakwambia mapema. Anaacha kuchambua manyoya, anakukazia macho, anatoa ule mlio wake mrefu wa kutetemeka. Ukizidi kusogea anaruka na kuacha mayai. Hapo kunguru ndipo anapopata nafasi. Kunguru hawa kutoka India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka. Taka zipo hadi leo. Wanachosafisha wao ni viota vya wenzao. Basi mimi nakaa mbali na lenzi yangu ndefu, juu ya kigoda, nasubiri.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mtaani kwetu mvumilivu huitiwa mjumbe.

Mjumbe alikuja, akakuta lenzi imeelekea juu ya ukuta wa mtu.

"Bwana, unampiga picha nani?"

"Mwewe, mzee."

Akatazama juu, akanitazama mimi, akautazama tena ukuta. "Na analipa?"

Wakaja vijana wa bodaboda. Hawa wana huruma, tatizo huruma yao ina mawe. "Kaka, huyo kalala. Ngoja tumrushie jiwe aruke, picha itoke kali." Ukikataa, unaringa. Ukieleza kwamba mama akifukuzwa kiotani makinda yanabaki kuungua na jua la saa saba, wanakujibu kwamba siku alipopokonya mshikaki wa mtu pale kijiweni hakuna aliyeuliza nani anaungua.

Mama wa chipsi kuku naye akaniletea utumbo kwenye bakuli. "Mtupie huu, mwanangu, ashuke karibu." Nikamshukuru, nikamrudishia bakuli lake. Mwewe akishazoea kwamba binadamu ni sahani, kesho atafuata chipsi mkononi mwa mtoto anayetoka shule, na kucha zile hazitofautishi chipsi na kidole. Mama akanuna. Tangu siku hiyo pilipili yangu inapimwa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeona nini. Nimeona kiota: vijiti kwa nje, na ndani tandiko la kipande cha kanga, kamba ya manila, soksi ya mtoto na mfuko wa rambo wa bluu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Mwewe hakuhudhuria mkutano. Mwenye kanga namjua, ila sisemi, nisije nikaambiwa ndege nimemtuma mimi.

Maana tuhuma za kutuma viumbe ninazo tayari. Darini kwa jirani anaishi bundi, yule mwenye uso mweupe. Anakula panya usiku kucha, kisha anatapika kidonge cha manyoya na mifupa, bila kudai hata shilingi ya usafi. Macho yake yameumbiwa giza, kwa hiyo simpigi flashi wala simmulikii tochi. Namheshimu, nakaa gizani. Sasa mtu mzima anayekaa gizani, peke yake, kimya, akikodolea macho dari lenye bundi anaitwaje mtaani kwenu? Hata kwetu anaitwa hivyo hivyo.

Picha nilipozionyesha sikutaja mti, kwani ukitaja kiota leo, kesho kuna droni juu yake. Watu wakazitazama, wakasema "hongera" ile ya mdomoni, halafu likaja swali walilokuwa wamelificha siku zote: kamera nzuri namna hii, mbona hupigi harusi?

Nawajibu hadharani. Bwana harusi atakayekubali kukaa juu ya mvinje saa nne mfululizo, asinielekeze nisimame wapi, asiniitie shangazi zake, wala asinipigie simu kuuliza picha zinatoka lini, anitafute. Huyo nampiga bure.