Namna ya Kuandaa Gari la Kwenda Songo Mnara Bila Kufungua Boneti

Tukubaliane mapema, ndugu yangu: gari lako halifiki Songo Mnara. Lami inaishia Kilwa Masoko, bahari inaanza, na wewe unapanda boti kama watu wengine. Kwa hiyo kazi yako sikukuu hii ni ndogo kuliko unavyodhani. Gari lionekane likitoka Dar es Salaam, lionekane Masoko, na picha ziwe nzuri. Hapo katikati ni kilomita mia tatu na ushee tu, tena hakuna anayekujua.

1. Osha. Osha jioni, osha tena alfajiri. Mwambie kijana apake tairi dawa hadi zing'ae, maana tairi linalong'aa halionekani kipara. Shemeji akiuliza habari za upepo, lipige teke mara mbili, sikilizia, kisha itikia kwa kichwa kama daktari. Wala usione haya. Watu wa Songo Mnara wa karne ya 14 na 15 walijenga kwa mawe ya matumbawe, mawe yenye vishimo kila upande, wakayapiga lipu ya chokaa hadi nyumba zikameremeta, na ndani wakatengeneza zidaka ukutani. Palikuwa na jumba la kifahari na misikiti mitano ndani ya ukuta wa mji. Unadhani mgeni aliyeshuka jahazini alipelekwa kwanza jikoni? Wapo watakaokwambia kwamba chini ya chokaa ile palikuwa na ukuta wa kweli, ndiyo maana magofu yamesimama hadi leo. Watu wa namna hiyo usiwape lifti.

2. Kwa fundi, nenda umechelewa. Fundi ukimpa wiki nzima ataona mengi, na kila anachokiona kina bei. Mfuate asubuhi ya safari, injini ikiwa inanguruma, watoto wanapiga kelele, mama watoto anatazama saa. Kisha muulize swali lililobeba jibu lake: "Fundi, hii si inafika tu?" Atasema, "Inafika, bosi." Hongera, gari limefanyiwa sevisi. Taa ya cheki injini ikiendelea kuwaka, bandika kipande cha plasta nyeusi. Nyeupe itaonekana.

3. Vifaa vya trafiki vipo kwa ajili ya trafiki. Pembetatu azima kwa jirani. Mtungi wa kuzimia moto uweke unapoonekana, na usiutikise, usije ukajua usichotaka kujua. Tairi la spea lifukie chini kabisa, juu yake weka mabegi, magodoro ya watoto na ndoo ya maandazi. Lisipoonekana haliwezi kukuudhi. Likiwa halina upepo utagundua ukishafika Ikwiriri, na Ikwiriri kuna watu wakarimu.

4. Tangaza safari saa kumi alfajiri, ondoka saa tatu asubuhi, lawama zote itupie foleni ya Mbagala. Ukishapita Kongowe na Vikindu, korosho za Mkuranga zitakusimamisha, na tayari umechelewa kiasi kwamba saa moja zaidi haidhuru. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki hazina sikukuu. Madereva wanaotoka mbele watakuwashia taa. Ukiwashiwa, endesha kama unampeleka bibi harusi hadi upite kona, kisha urudie tabia yako.

Kwenye Daraja la Mkapa, punguza mwendo usimulie. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, watu waliuvuka mto Rufiji kwa pantoni, na hata baada ya hapo kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi bila lami, kilikuwa kikilaza mabasi kwenye tope masika. Simulia kama ulikuwepo. Kama wakati huo ulikuwa darasa la pili, ongeza sauti. Hapohapo tia hoja yako kuu: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zikakata barabara huko Somanga, magari yaliyofanyiwa sevisi yalikaa foleni moja na yasiyofanyiwa. Sasa faida ya sevisi iko wapi? Hakuna atakayejibu. Watakuwa wamelala.

5. Beba dumu la maji la lita tano. Hili sitanii. Gari likianza kuchemsha, jikaze hadi Somanga, paki karibu na wauza samaki wa kukaanga, na tamka kwa sauti, "Nimeona tule hapa." Wakati wengine wanachambua miiba, wewe zunguka mbele na dumu lako. Kifuniko cha rejeta usikifungue kikiwa cha moto, utaungua uso, na uso ndio uliotuleta huku.

6. Nangurukuru kata kushoto. Ukifika Masoko, paki gari likitazama bahari, futa vumbi, piga picha, andika "Tumefika salama." Neno "tumefika" limetosha. La "salama" linategemea kama mwanao mkubwa hatasimulia. Kisha kachukue kibali cha kutembelea magofu, utafute boti.

Hapa ushauri wangu unaanza kupwaya, maana utakutana na nahodha. Huyu tangu alfajiri ameshachungulia mashine, amehesabu maji kujaa na kupwa, amejua mtashuka saa ngapi na mtatembea umbali gani kwenye tope la mikoko, ndiyo maana anatazama raba zako nyeupe kwa huruma. Kung'aa kwa tairi hakumwambii kitu. Alichokiona ni dimbwi dogo la kijani chini ya gari lako, na hakusema neno, kwa adabu za pwani.

Atasema baadaye, mkishaiacha Kilwa Kisiwani nyuma, upepo umeamka na maji yameanza kucheza miguuni mwenu. Atatafuta kopo la kukumbia, asilione. Atatazama kule Masoko ulikoliacha gari lako, kisha atakuuliza kwa upole: "Mzee, lile dumu la rejeta umekuja nalo, au umeliacha kwenye buti?"