Superman Kifungoni

Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile ambayo Superman kabeba gari jaladani, iliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa Marekani kwa dola milioni 6. Mwenye mali ya namna hii huifungia ndani ya plastiki ngumu. Akiipasua ili asome, bei inaporomoka. Karatasi ile duni ina asidi, inageuka njano yenyewe, kwa hiyo inakingwa jua, unyevu, mende, na hasa watoto, yaani wale wale iliochapiwa.

Lakini Sani, gazeti letu la vibonzo la Dar, ilizunguka mtaa mzima ikaishia kufungia karanga. Ndumilakuwili, mhusika wake, alisomwa mpaka mafuta yakamfuta sura, bila bima wala kiyoyozi.