Kasisi, Mbweha na Suruali Yangu

Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja wa Oxford, John Russell, alinunua mbwa jike aitwaye Trump kwa muuza maziwa. Baadaye Russell akawa kasisi wa Kianglikana huku Devon, lakini jina lake halikubaki kwa mahubiri. Lilibaki kwa mbwa aliowazalisha wa kuwindia mbweha. Kila nikiitazama bustani ya jirani yangu hapa Exeter, natamani yule bwana angeuza maziwa tu.

Jirani mwenyewe, bibi wa Kiingereza, alikwenda Uhispania kuota jua akaniachia Jack Russell wake. Anaitwa Alfie. Mweupe, mabaka ya kahawia usoni, kimo hakifiki gotini. Aliniachia na maagizo: atembezwe asubuhi na jioni, apigwe brashi kila wiki, asionje chokoleti, zabibu wala vitunguu kwa kuwa ni sumu kwake. Suala la brashi sibishi. Manyoya yake yana mapenzi ya pekee na suruali nyeusi, na suruali nyeusi ndiyo sare yangu ya kazi.

Tabia yake haikutajwa popote. Mbwa huyu alizalishwa aingie shimoni kwa mbweha na kumbwekea hukohuko chini mpaka atoke, au mwindaji ajue pa kuchimba. Mtaani kwetu hakuna shimo, basi Alfie anajitafutia ajira. Anafukua maua. Anambwekea tarishi, anazibwekea baiskeli, na mashine ya kufulia ikianza kuzunguka anaibwekea pia. Kindi akikatiza barabara, kilo 6 za mbwa hunikokota mtu mzima na kandambili zangu, na Waingereza kwa adabu yao hutazama pembeni.

Siku moja alitoweka. Nikaita, nikapiga mluzi. Kumbe kajipenyeza chini ya kibanda cha zana, anabweka kwa raha zake, mkia tu ndio uko nje. Nililala kifudifudi topeni nikambembeleza kwa kipande cha kuku. Akatoka, akala kuku, akarudi chini.

Mama alipiga simu ya video kutoka Tanga nimeinama njiani na kifuko cha plastiki mkononi.

"Mwanangu, unaokota nini?"

Nikamweleza kwamba huku mwenye mbwa asipookota anatozwa faini. Hakunijibu. Nilimsikia akimwita shangazi aje aone.

Kinachomtuliza Alfie ni kazi, si kufokewa. Namtawanyia chakula chake majanini akitafute kwa pua, au namfichia mpira chini ya ndoo, na hapo mtaa mzima hupata nafasi ya kupumua. Kumfungia ndani siku nzima ni kuutoa mto wako sadaka.

Jack Russell huishi miaka 13 hadi 16, na uzee wake huchelewa sana kuanza. Msomaji, kama unataka mbwa wa kujilalia kibarazani, tafadhali mtafute wa ukoo mwingine.